USOMAJI WA KIROHO NA UKUAJI WA WABATIZWA
Mafunzo kutoka Lulindi na nchi ya Masasi na Newala

Utangulizi

Katika sharika zetu tunabatiza watoto wengi kila mwaka. Wakikua tunawafundisha Katekisimu, tunawapa Kipaimara, na siku ile kanisa hujaa ndugu na jamaa waliovaa nguo mpya. Baada ya hapo wengi wao hatuwaoni tena katika mafundisho yoyote. Kijana aliyejifunza Amri Kumi na Imani ya Mitume akiwa na miaka kumi na minne hutazamiwa kuishi kwa chakula hicho mpaka uzee. Anapopatwa na msiba, ugonjwa usiopona au mavuno mabaya, hana neno lililo karibu naye. Ndipo humwendea yeyote anayemwahidi jibu la haraka, awe mganga wa kienyeji au mhubiri anayeuza maji na mafuta ya miujiza.

Makala hii inakusudia kueleza njia moja ya zamani ambayo Kanisa limeitumia kuwalisha wabatizwa, yaani usomaji wa kiroho. Tutaeleza kwanza maana yake na uhusiano wake na Ubatizo. Kisha tutatazama historia ya Kanisa katika Lulindi na nchi iliyo kandokando yake, Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Tumeichagua nchi hiyo kwa makusudi. Haikuwa shamba la misioni za Kilutheri, bali la Waanglikana wa UMCA na Wabenediktini Wakatoliki, na wote wawili walirithi desturi ndefu ya kusoma Maandiko kwa sala. Sisi Walutheri, tunaojiita Kanisa la Neno, tutafanya vema kujifunza kwa majirani, na katika kujifunza kwao tutagundua kwamba Luther mwenyewe alitufundisha jambo lile lile. Mwisho tutatoa mapendekezo kwa wachungaji, wainjilisti na wanafunzi wa theolojia.

1. Maana ya usomaji wa kiroho

Kuna kusoma kwa namna nyingi. Mfanyabiashara husoma hesabu ili ajue faida na hasara. Mwanafunzi husoma ili ajibu mtihani. Mhubiri husoma ili apate la kusema Jumapili. Namna hizi zote ni halali, lakini katika kila moja msomaji ndiye anayekiuliza kitabu maswali. Katika usomaji wa kiroho ni kinyume chake: msomaji hunyamaza ili Neno limwulize yeye.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba usomaji wa kiroho ni kusoma Maandiko Matakatifu, au kitabu kingine chema kinachoyaeleza, polepole, kwa sala, kwa kurudiarudia, kwa nia ya kukutana na Mungu na kumtii. Kipimo chake si wingi wa kurasa. Mtu aliyesoma aya tatu na kuzichukua moyoni mwake shambani siku nzima amesoma zaidi kuliko aliyemaliza sura kumi na kuzisahau mlangoni.

Watawa wa Kilatini waliuita usomaji huu lectio divina. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake katika karne ya 6, aliupangia saa zake kila siku katika sura ya 48, sambamba na kazi za mikono, akaagiza pia kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mtawa apewe kitabu kimoja, akisome chote kwa mfululizo. Katika karne ya 12 mtawa aitwaye Guigo aliueleza kwa mfano wa ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu.

Mfano huo wa watawa usitufanye tudhani kwamba jambo hili ni la watawa tu. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu wa kawaida anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, ikimfananisha na mti uliopandwa penye maji. Waberoya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili wapime mahubiri ya Paulo mwenyewe (Mdo. 17:11). Ndugu zetu wa Herrnhut, Wamoravian, wamechapa kitabu chao cha neno la kila siku tangu mwaka 1731, na wanaokitumia ni wakulima, mafundi na akina mama wa nyumbani.

2. Ubatizo ni mwanzo wa kukua

Kwa nini mbatizwa asome? Jibu halianzi katika bidii ya mtu, bali katika tendo la Mungu. Katika Ubatizo tulizikwa pamoja na Kristo ili tuenende katika upya wa uzima (Rum. 6:4). Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 Luther alifundisha kwamba tendo hilo lina kazi ya kila siku: mtu wa kale ndani yetu hana budi kuzamishwa kwa toba kila siku, na mtu mpya kufufuka kila siku. Hivyo Ubatizo hutolewa mara moja, lakini huishiwa siku zote.

Je, mtu huzamishwa na kufufuliwa kwa njia gani kila siku? Ni kwa Neno. Sheria hutuonyesha dhambi yetu, Injili hutupa msamaha wa Kristo. Asiyelisikia Neno kwa wiki nzima hukaa na mtu wa kale wiki nzima bila mashindano. Mtume Petro anawataka waliozaliwa upya wayatamani maziwa ya Neno kama watoto wachanga, ili wakue (1 Pet. 2:2), na mwandishi wa Waebrania anawakemea waliopaswa kuwa walimu lakini wangali wanahitaji maziwa (Ebr. 5:12-14). Kuzaliwa ni neema, na chakula kinachotukuza nacho ni neema. Mtoto hajipatii uzima kwa kula, lakini asipokula hudhoofika.

Watu wa kusini wanalifahamu jambo hili vizuri kuliko wengi. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, kuzaliwa hakutoshi kumfanya mtu awe mtu kamili wa jamii yake. Ni lazima apite jandoni au unyagoni, afundwe, na baada ya kutoka aendelee kukumbushwa na wazee yale aliyofundwa. Askofu William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, aliona uzito wa mafundisho hayo. Hakutaka kuyapiga marufuku, bali alijitahidi kuunda jando la Kikristo lenye sala na mafundisho ya Kanisa. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu. Lakini swali lililokuwa nyuma ya jaribio lake bado liko mezani petu: ikiwa jamii hutumia majuma mengi kumfunda kijana mambo ya ukoo, Kanisa linamfunda mbatizwa wake kwa muda gani, na kwa kitu gani?

3. Mafunzo kutoka Lulindi, Masasi na Newala

Historia ya Ukristo katika nchi hii ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipotoka Unguja pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani na kuwaweka Masasi. Steere alikuwa mtu wa vitabu. Alikuwa ametoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na katika mwaka ule ule wa 1876 alichapa Unguja mkusanyo wa maneno ya Kimakonde. Alitafsiri Agano Jipya na sala za Kanisa kwa Kiswahili, akazichapa katika mtambo wa misioni. Aliamini kwamba watu waliovuliwa minyororo wanahitaji pia Neno katika lugha wanayoielewa. Alifariki mwaka 1882 kabla ya Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja kukamilika, nayo ilikamilika katika muongo uliofuata.

Kanisa hilo changa lilijaribiwa mara tatu, na kila mara swali lilikuwa moja: je, nini kitabaki?

Jaribu la kwanza lilikuja Septemba 1882, wapiganaji wa Kingoni waliposhambulia Masasi. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na waliosalia wakatawanyika. Padre Chauncy Maples alihamishia kazi Newala, kwa mkuu Matola, ukingoni mwa uwanda wa juu unaotazama bonde la Ruvuma. Jaribu la pili lilikuwa vita vya Maji Maji mwaka 1905, kituo cha Masasi kilipoharibiwa na wamisionari kukimbilia pwani. Ni baada ya vita hivyo ambapo Wabenediktini, ambao vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi viliteketezwa, walianza kujenga Ndanda mwaka 1906. Jaribu la tatu lilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Wamisionari wa Kiingereza walifungwa na serikali ya Kijerumani, na kazi ya Kanisa ikabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika, baadhi yao wakipata mateso makali kwa kushukiwa kuwa wapelelezi.

Hatusemi kwamba kusoma peke yake kulilihifadhi Kanisa hilo, maana Mungu ndiye alilihifadhi. Lakini Mungu hutumia vyombo. Tunapotazama ni watu gani waliosimama wakati huo, tunakuta ni wale waliokuwa wamefundishwa kusoma na kusali katika shule za vijijini na katika Chuo cha Kiungani, Unguja. Chuoni humo, tangu mwaka 1888, wanafunzi walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Msimulizi, lililopeleka habari za vituo vyote kwa walimu waliokuwa mbali. Padre Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtoto aliyekombolewa utumwani, alipewa upadre Januari 1890, Mwafrika wa kwanza katika misioni hiyo. Kwa miaka mingi alifanya kazi Chitangali, miongoni mwa Wayao, mbali na wenzake. Padre wa namna hiyo, asiye na mwenzake wa karibu wa kumtia moyo, huishi kwa kitabu chake cha sala na Biblia yake. Padre Kolumba Msigala naye aliacha kumbukumbu zake ndefu kwa Kiswahili, ambazo wanahistoria wamezitumia sana. Watu hawa hawakuwa wasomaji wa kupokea tu. Walisoma, wakaishi, kisha wakaandika.

Lulindi yenyewe, kati ya Masasi na Newala, ilijulikana kwa hospitali ya misioni. Daktari Leader Stirling alifika kusini mwaka 1935 akafanya kazi humo katika majengo ya miti, udongo na nyasi, akawafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya uuguzi. Baadaye, mwaka 1975, alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Twaweza kupata mfano mwepesi hapo. Mgonjwa anayepewa dawa ya siku kumi hawezi kuimeza yote kwa siku moja akatazamia kupona, wala hawezi kuiweka kabatini na kufurahi kwamba anayo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Neno. Biblia iliyofungwa nyumbani ni dawa iliyobaki chupani, na mahubiri marefu ya mkutano wa injili mara moja kwa mwaka hayawezi kuchukua nafasi ya kipimo cha kila siku.

Kuna mfano mwingine unaotoka katika ardhi yenyewe. Uwanda wa Makonde una udongo mzuri na upepo mwema, lakini juu yake hapana mito ya kudumu. Kwa vizazi vingi, kabla ya maji kusukumwa kwa mashine, wanawake waliteremka mteremko mkali hadi bondeni na kupanda tena na maji vichwani. Waliokaa juu hawakuacha kunywa kwa sababu maji yalikuwa mbali. Walijua njia, walijua saa ya kuondoka, walikwenda pamoja, na maji ya jana hayakuwazuia kwenda leo. Usomaji wa kiroho unataka mambo hayo hayo: njia, saa, wenzi, na kurudi kila siku.

Mpaka leo nchi hii ina nyumba za sala zinazoishi kwa mpango huo. Huko Kilimani, Masasi, wako masista wa Chama cha Mariamu Mtakatifu, kilichoanzishwa mwaka 1946 kwa malezi ya masista wa Mateso Matakatifu. Huko Ndanda wako Wabenediktini, ambao pamoja na sala zao wamekuwa na kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vingi vya Kiswahili. Nao wametuonyesha kwamba sala na uchapaji wa vitabu ni kazi mbili za nyumba moja.

4. Namna ya kusoma: nyuzi nne za Luther

Mlutheri anaweza kuuliza: je, sisi tuna njia yetu? Tunayo. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha kumfundisha kusali. Haikuwa barua kwa mwanachuoni, bali kwa mtu wa wembe na mkasi. Humo alimweleza kwamba yeye mwenyewe huchukua amri moja, au kifungu kimoja cha Maandiko, na kukisokota kwa nyuzi nne: kwanza kama fundisho, pili kama shukrani, tatu kama maungamo, nne kama sala. Aliongeza kwamba Roho Mtakatifu akianza kusema moyoni wakati huo, mtu ayaache maneno yake mwenyewe na kusikiliza.

Anayejua kusuka ukili wa mkeka ataelewa mara moja. Mkeka haufumwi kwa siku moja. Husukwa ukili kwanza, kidogo kidogo, miali ikipishana, na ukili ukiwa mrefu ndipo hushonwa. Mwali mmoja ukikosekana ukili hufumuka.

Tuchukue mfano wa kipofu Bartimayo, aliyekaa kando ya njia ya Yeriko (Mk. 10:46-52). Msomaji asome habari hiyo mara mbili kwa sauti ya chini, kisha aulize:

(a) Fundisho. Hapa nafundishwa nini? Yesu yuko njiani kwenda Yerusalemu kufa, na umati unamfuata, lakini anasimama kwa ajili ya kilio cha mtu mmoja maskini. Mungu hapotezi sauti ya mtu katika kelele za wengi.

(b) Shukrani. Nimshukuru kwa nini? Mimi pia nilisikiwa. Nilipobatizwa sikuwa hata na sauti ya kulia, na bado aliniita kwa jina langu.

(c) Maungamo. Neno hili linanihukumu wapi? Katika habari hii kuna watu waliomkaripia kipofu ili anyamaze, nao walikuwa watu waliokuwa wakimfuata Yesu. Je, ni nani ninayemnyamazisha? Mjane anayedai shamba lake? Kijana mwenye maswali magumu? Mwenye ukimwi anayeogopa kuja kanisani?

(d) Sala. Yesu alimwuliza kipofu anataka afanyiwe nini. Leo ananiuliza mimi. Nimjibu kwa maneno yangu, bila kupamba.

Msomaji ataona kwamba uzi wa tatu ndio unaokatika kwa urahisi. Wengi wetu hupenda kusoma Maandiko kama upanga wa kuwakata wengine. Usomaji ambao haujatugusa sisi wenyewe bado haujawa wa kiroho.

Katika utangulizi wa maandiko yake ya Kijerumani wa mwaka 1539, Luther alitaja tena mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakari na majaribu. Hilo la tatu linashangaza. Guigo mtawa alimaliza ngazi yake kwa utulivu mbele za Mungu, Luther alimaliza kwa majaribu. Alimaanisha kwamba Neno lililosomwa chumbani hujulikana kuwa kweli pale linapokuwa ndilo fimbo pekee ya kuegemea. Anayesoma asubuhi juu ya Mungu mlezi, kisha akasikia jioni kwamba bei ya korosho imeanguka na ada ya mtoto haipo, amefika darasa la tatu. Asidhani kwamba usomaji wake umeshindwa. Hapo ndipo unapoanza kuzaa.

5. Je, wasiojua kusoma wametengwa?

Swali hili ni la haki, na katika vijiji vyetu halikwepeki. Katika sensa ya mwaka 1967 takriban theluthi moja tu ya watu wazima wa Tanzania walijua kusoma. Kwa juhudi kubwa za elimu ya watu wazima, kiwango kilitangazwa kuwa asilimia 90 mwaka 1986. Lakini wengi waliojifunza wakati ule hawakuwa na kitu cha kusoma baadaye, na ujuzi ukawapotea. Wazee wengine macho yamechoka. Je, waambiwe kwamba njia hii si yao?

La, hasha. Tukumbuke kwamba katika siku za Biblia kusoma kulikuwa kusoma kwa sauti. Filipo alijua kwamba yule towashi wa Ethiopia anasoma nabii Isaya kwa sababu alimsikia (Mdo. 8:30). Kitabu cha Ufunuo kinawabariki pamoja yeye asomaye na wao wasikiao (Ufu. 1:3). Msomaji mmoja katika nyumba anatosha kuwalisha wote. Mjukuu wa darasa la nne akimsomea bibi yake aya tano kila jioni, nyumba hiyo ina usomaji wa kiroho, na mara nyingi bibi ndiye atakayemweleza mjukuu maana yake.

Hapo tena Maandiko yanasema kwa lugha ya kusini. Paulo anapotaja imani ya Timotheo hataji ukoo wa baba, bali bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Tim. 1:5), akaongeza kwamba Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto (2 Tim. 3:15). Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, maneno hayo hayahitaji maelezo. Imani hushuka kama ukoo unavyoshuka. Mchungaji anayetaka vijana wake wayajue Maandiko na aanze kwa kuwaimarisha akina Loisi na akina Eunike.

Kujifunza kwa moyo nako ni usomaji. Jirani zetu Waislamu wa Newala na Masasi huwafundisha watoto wao kukariri katika chuo tangu wadogo, na wanakariri kwa bidii ya kutuaibisha. Sisi tumeiacha desturi ya kukariri zaburi na Katekisimu, tukidhani ni mambo ya kale. Kitabu huweza kuibiwa, kuliwa na mchwa au kuungua. Neno lililo moyoni huenda na mtu mpaka kitandani hospitalini, na mpaka kaburini.

6. Hatari zinazopaswa kuepukwa

Hatari ya kwanza ni kuigeuza Biblia kuwa hirizi. Wapo wanaoiweka chini ya mto ili wasiote vibaya, na wapo wanaoifungua popote, wakaweka kidole na kusema Mungu amenena. Kufanya hivyo ni kupiga ramli kwa kitabu kitakatifu. Nguvu haimo katika karatasi wala katika kubahatisha, bali katika Kristo anayehubiriwa humo.

Hatari ya pili ni kuugeuza usomaji kuwa stahili. Mtu husoma Biblia nzima kwa mwaka na kuanza kuwadharau wasiofanya hivyo. Amesahau kwamba Farisayo naye alikuwa msomaji mwema. Hatusomi ili tupendwe na Mungu. Tunasoma kwa sababu tulikwisha kupendwa katika Ubatizo wetu.

Hatari ya tatu ni upweke. Towashi alipoulizwa kama anafahamu anayoyasoma, alikiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Siku hizi mtu mwenye simu hupokea aya na mahubiri ya kila namna kabla ya jua kuchomoza, na hana wa kumwuliza lipi ni la kweli. Msomaji anayejitenga na Kanisa hatimaye husikia sauti yake mwenyewe na kuiita ya Roho. Tafakari ya faragha ipimwe kwa Kristo aliyesulubiwa, kwa Imani ya Mitume, na kwa mazungumzo ya ndugu.

Hatari ya nne ni yetu sisi watumishi: kusoma kwa ajili ya wengine tu. Mwanafunzi wa theolojia hujifunza kulichambua andiko, na hilo ni jema na la lazima. Lakini anaweza kumaliza chuo akiwa amelipasua andiko mara mia bila kulipokea hata mara moja. Mchungaji wa namna hiyo ni kama mpishi anayewapakulia wageni kila siku, naye analala na njaa. Baada ya miaka michache washarika huonja njaa hiyo katika mahubiri yake.

7. Mapendekezo kwa sharika

Kwanza, mchungaji na mwinjilisti waanze wao wenyewe. Robo saa kila asubuhi, kabla ya watu kubisha hodi, kwa andiko ambalo si la mahubiri ya Jumapili.

Pili, Kwaresima itumike kama Benedikto alivyoagiza: usharika mzima upewe kitabu kimoja. Injili ya Marko ina sura 16 tu. Kwa siku arobaini kila nyumba inaweza kuisoma yote kwa utulivu na kubaki na siku za kurudia. Kwa kuwa Kwaresima huangukia majira ya palizi, vipande viwe vifupi, na vitangazwe Jumapili ili kila mtu ajue sehemu ya wiki.

Tatu, ibada za jumuiya za nyumba kwa nyumba zifuate nyuzi nne za Luther. Andiko lisomwe mara mbili na wasomaji wawili. Kuwe na kimya. Kisha watu waulizwe maswali manne, na mwenye kiti asihubiri. Wanawake na vijana, ambao kwa kawaida hunyamaza, waulizwe kwanza.

Nne, kila usharika uwe na sanduku la vitabu, hata kama ni vitabu kumi: Biblia za tafsiri mbili au tatu, Katekisimu Ndogo, kitabu cha nyimbo, maisha ya mashahidi wa imani. Kulinganisha tafsiri huamsha fikira. Tunazo Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, Habari Njema ya miaka ya 1990 iliyofanywa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, na wazee wengine bado wanaitunza Biblia ya mwaka 1937 ya Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri. Sanduku hilo lisifungwe kwa kufuli ofisini. Kitabu kinachochakaa kwa kushikwa kimefanya kazi yake.

Tano, mafundisho ya Kipaimara yawe na lengo jipya. Kijana asiulizwe tu kama amekariri, bali pia kama anaweza kulichukua andiko moja, akalisali, na kumsomea mzee wa nyumbani kwake. Akiweza hilo, hatutakuwa tumemwaga, tumemtuma.

Hitimisho

Tumeona kwamba usomaji wa kiroho si anasa ya watawa wala ya wasomi. Ni namna ambayo mbatizwa hurudi kila siku kwenye Ubatizo wake, akisikia Sheria na Injili, akishukuru, akiungama na kuomba. Historia ya Masasi, Newala na Lulindi inatufundisha kwamba zinakuja siku ambazo mmisionari hayupo, mchungaji yuko mbali, na jengo limeteketea. Siku hizo Kanisa hubaki na kile tu ambacho watu wake wamekwisha kukipokea mioyoni.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Aya tano kwa siku ni kidogo, lakini kwa miaka ishirini ya ndoa, ya kilimo, ya uuguzi au ya ualimu, kidogo hicho humlea mtu mzima katika Kristo. Tunawasihi wachungaji wenzetu wasingoje mradi wala semina. Biblia ziko nyumbani, watoto wanaojua kusoma wako, na jioni ni ndefu. Kinachohitajika ni mtu mmoja katika kila nyumba wa kufungua kitabu na kusema: tusikilize.